Mashine Isiyo na Upande

Kompyuta ya kwanza kuingia kwenye karakana ya ushonaji ya mama yangu pale Bariadi niliileta mimi, na wala sikuinunua. Niliipata kwa kuachishwa kazi. Wao walisema "kupunguzwa", kana kwamba sisi ni nywele. Ushirika wa pamba niliokuwa nauchapia barua ulikuwa umekwisha pumzi. Wanunuzi binafsi walikuwa wameshaingia kila kijiji na mizani zao, wanagombea wakulima kama maharusi, na sisi wa ushirika tumekaa ofisini tunasubiri simu ilie. Siku ya kutuaga, meneja akasema hana cha kutupa mkononi, kila mtu ajichukulie kifaa cha ofisi kinachomfaa. Wenye akili walichukua viti. Mmoja alikamata kabati la chuma, akalipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka kwao Migato. Mimi nilikuwa bado nachapa hati ya makabidhiano, maana niliambiwa bila hiyo hati hakuna anayetoka. Nilipomaliza nikakuta imebaki saa ya ukutani iliyosimama, na kompyuta. Nikachukua kompyuta.

Mama hakuniuliza habari za kazi. Aliizunguka ile kompyuta mezani, akagusa skrini kwa kidole kimoja namna anavyopima ubora wa satini, akaniuliza, "Hii ni ya upande gani?"

Asiyetoka kwetu itabidi nimweleze hapo, maana hilo swali ndilo lililotufikisha kote tulikofika.

Ngoma za kwetu Usukumani zina pande mbili. Mtu hazichagui sana. Anazikuta nyumbani, anazifuata za baba yake. Pamba ikishavunwa na kuuzwa, pande hizi hukutana uwanjani kushindana, na mshindi hatafutwi kwa alama za karatasi. Kila upande unacheza mwisho wake wa uwanja, na watazamaji wako huru. Upande uliovuta watu wengi ndio umeshinda, na aliyeachwa anacheza mbele ya vumbi anajijua mwenyewe. Kwa hiyo kila kitu ni cha kuvuta macho: nyimbo, njuga, nyoka wakipatikana, na zaidi ya yote nguo. Rangi ya nguo hutolewa na mganga wa upande pamoja na dawa ya mvuto, na ni siri mpaka asubuhi ya ngoma. Rangi ikivuja, upande wa pili unakuja na kitu cha kuizima, na hapo ndipo watu wanaanza kutafutana.

Mama yangu alikuwa anashonea pande zote mbili. Hakuna fundi mwingine aliyewahi kuliweza hilo. Yeye aliliweza kwa sababu si wa kwetu. Alizaliwa Lamadi, kwenye familia ya wauza samaki wa ziwani, akaolewa na baba Bariadi, na siku ya kwanza kabisa alimwambia baba kwamba atampikia, atamzalia, lakini kwenye ngoma yake haingii. Baba alikuwa mchezaji hodari. Alinung'unika mpaka anakufa, lakini hakumlazimisha. Basi mama akawa mtu asiye na upande, na kwa mtu kama huyo siri zote mbili zilikaa salama.

Karakana yenyewe ilikuwa na milango miwili. Upande wa marehemu baba walipita mlango wa mbele. Wa pili walipita wa nyuma, penye jiko na ndoo za maji. Katikati mama alitundika pazia la turubai. Mafundi wa upande huu walikaa huku, wa upande ule kule, kila kundi likishona nguo za watu wake. Msimu ukianza hata moto wa pasi walikuwa hawaombani. Mama peke yake ndiye alikuwa anavuka pazia, na ndiye alikuwa anakata vitambaa vyote, chumbani, mlango umefungwa. Upande mmoja ukija na rangi ambayo wenzao wameshaagiza, hakusema imechukuliwa. Alisema tu jora hilo Mwanza limeadimika, wakamuulize mganga kama kijani haifai. Mganga alikuwa hakosi kukubali kijani.

Sasa mwaka ule niliopunguzwa, mama alikuwa ametoka kuugua malaria iliyompanda kichwani. Alipona, lakini kuna vitu havikurudi. Aliweka mkasi akasahau alipouweka. Aliniita kwa jina la dada yake aliyeko Lamadi. Mara moja manju wa mlango wa mbele, yaani kiongozi wao wa ngoma, alikuwa amekaa anakunywa chai, na mama akataka kumuuliza kama mikono mirefu imewafaa, kumbe mikono mirefu ilikuwa ya wa mlango wa nyuma. Aliling'amua neno likiwa mdomoni, akalimeza pamoja na chai ya moto. Aliungua ulimi siku nzima.

Jioni yake aliniambia wazi. "Mwanangu, kichwa changu kinavuja. Siku upande mmoja ukiona mimi ni wa wale wengine, hapa sina kazi tena. Nachukua sufuria yangu narudi ziwani, nikafe kwa kaka zangu nikianika dagaa."

Nikamwambia, "Si uniambie mimi? Mimi niweke kichwani."

Akanitazama kwa huruma. "Wewe baba yako ni nani?"

Yaani mama yangu mzazi, aliyeninyonyesha, alikuwa ananificha rangi ya shati! Nilinuna siku kadhaa. Nina hasira za karibu, nakiri, na nilikuwa nimetoka kufukuzwa kazi, kwa hiyo nilizitumia zote. Lakini ukiliangalia vizuri alikuwa sahihi. Mimi ngoma nilikuwa siendi tangu nimalize shule, ila wakishinda wa mlango wa mbele moyo wangu ulikuwa unaruka wenyewe bila kuombwa.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kutafuta programu ya kutunza oda. Siku hizo Simiyu lilikuwa jina la mto tu, mkoa ulikuwa haujazaliwa, na ukisema programu watu walidhani unazungumzia redio. Umeme tulivuta kwa jirani mwenye jenereta ya kukoboa mpunga, kwa hiyo kompyuta yetu ilikuwa inawaka pale tu watu wanapokuwa na mpunga.

Programu ya kwanza ililetwa na kijana kutoka Mwanza, amevaa tai, mkoba mkononi, vumbi mpaka kwenye kope. Ilitengenezwa kwa ajili ya maduka ya vipuri. Tatizo lake ilitaka kila mteja awe na sanduku la posta, na asipokuwa nalo haiendi mbele, inasimama hapohapo kama punda.

"Na mteja akiwa hana sanduku?" mama akauliza.

"Andika la jirani yake, mama."

"Na jirani asipokuwa nalo?"

Kijana akafikiri. Akasema hilo ni tatizo la shirika la posta, si la programu. Tukamshukuru, tukampa soda, akaondoka na basi la mchana.

Ya pili tuliazimwa na mwenye duka la dawa pale Somanda, jirani na hospitali. Hii niliipenda. Ilikuwa nyepesi na haikuuliza maswali mengi, ila kwa kuwa ilizoea dawa ilitaka kila kitu kiwe na tarehe ya kuharibika. Tukaijaribu kwa gauni la harusi lililokuwa linasubiri bibi harusi wake. Nikaandika tarehe ya siku ile ile, kwa kupita tu. Kesho yake nilipoiwasha skrini nzima ilikuwa nyekundu.

"Inasemaje?" mama akauliza.

"Inasema gauni limeharibika. Lisiuzwe, lichomwe moto na kufukiwa."

Mama hakucheka. Alikwenda kwenye gauni, akaliinua pindo, akalinusa kwapani. Akarudi akakaa.

Nikamweleza kwamba hilo ni jambo dogo, tutaandika tarehe za mbali kabisa, gauni liharibike sisi wote tumeshakufa. Niliipigia debe ile programu wiki nzima. Akasema duka la dawa limejaa watu wa mlango wa nyuma, na kitu kilicholala kwa watu hakikosi kuchukua tabia zao.

Ndipo yule kijana wa tai akarudi. Safari hii alikuja na programu ya viwanda vya nguo. Na kweli ilikuwa na maarifa. Ukiingiza oda, inakupigia hesabu ya vitambaa, inatoa kadi ya kukatia, na inagawa kazi sawasawa kwa mafundi wote walioandikwa humo. Ikiona oda zinazofanana inaziunganisha, zikatwe pamoja, kitambaa kisipotee. Yote hiyo kwa Kiingereza, lugha ambayo mama aliijua kwa kiwango cha "gudi moningi".

"Ikikuuliza kitu," kijana akamfundisha, "usihangaike. Bonyeza hiki kikubwa hapa. Enta. Yenyewe inajua."

Mama akavuta kiti karibu. Niliuona uso wake nikajua amefika kwenye swali lake.

"Baba, hii ikijua jambo la huyu, haimwambii yule?"

"Mashine haina mdomo, mama."

"Na yenyewe ni ya upande gani?"

Kijana hakuwa mtu wa kwetu, hakuelewa anaulizwa nini. Lakini muuzaji ni muuzaji. "Haina upande, mama. Kwake wateja wote ni sawa."

Mama akanigeukia, macho yanang'aa, akasema tunachukua hii. Nikapinga. Nikasema ni kubwa mno kwetu, ni ya kiwanda, na wewe mama Kiingereza husomi. Akanijibu kwamba miaka yote ametafuta mtu wa aina hiyo hapa Bariadi, amempata, na kumbe si mtu. Huwezi kubishana na mtu aliyefurahi namna ile.

Kwa kuwa mashine haiwezi kushika mkasi, mama akatafuta na mkataji. Alimpata mzee mmoja kutoka Mkula, mlokole wa kweli kweli, ambaye kanisa lake linasema ngoma zote ni za shetani. Mama alimpendea hapo hapo. Mzee alikubali kukata nguo za shetani kwa sharti kwamba asiambiwe ni za nani. Alikuwa anachukua kadi iliyotoka kwenye printa, anakata kama ilivyoandikwa, anapitisha vipande pande zote mbili za pazia, anaimba tenzi. Nguo zikiisha anazipokea, anazitia kwenye magunia, anashona midomo ya magunia, anaandika namba.

Oda za ngoma mama aliziingiza mwenyewe. Mimi niliondolewa chumbani kabisa. Nilikuwa nasikia nje anavyopiga kibodi, kidole kimoja, ka, halafu kimya kirefu, ka. Wa mlango wa mbele walikuja mapema, pamba ikiwa bado shambani. Wa mlango wa nyuma walikuja baadaye sana, mizani ya wanunuzi ikiwa imeshaanza kuning'inia. Mara zote mbili alitoka chumbani anajifuta mikono kwa khanga kama mtu aliyemaliza kuosha vyombo.

Nataka niseme jinsi alivyokuwa msimu ule, kwa sababu sikuwahi kumwona vile kabla, na ndicho kinachoniuma nikikumbuka. Alikuwa amepumzika. Alikaa kwenye benchi la mbele, miguu ameinyoosha, anasalimiana na wapita njia salamu ndefu ndefu, za kuulizana mpaka ng'ombe na ndama. Alikunywa chai ikiwa ya moto na akaimaliza. Siku moja nilimkuta anasimulia kisa cha utotoni Lamadi, jinsi walivyofukuza kiboko kwenye mpunga wa bibi yake kwa kupiga masufuria, na wateja wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi mtoto wake wa kumzaa kisa hicho nilikuwa sijawahi kukisikia. Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kukisimulia. Akasema alikuwa anaogopa kuongea sana, maneno yakifunguka huwezi kujua lipi litafuata.

"Sasa je?"

"Sasa nimetua mzigo. Nikishabonyeza kile kikubwa, nalisahau kwa makusudi. Mashine inajua."

Asubuhi ya ngoma tuliwahi uwanjani. Mama alikuja na kigoda chake, akakaa pembeni mwa uwanja, katikati kabisa ya miisho yake miwili, kama kawaida yake, asiegemee wowote. Watu walikuwa wamefurika. Pamba ilikuwa imeuzwa, na kila aliyeuza alikuwa amenunua shati la mtumba na anataka lionekane.

Wa mlango wa mbele waliingia kutoka upande wa barabara. Mashati mekundu ya satini, utepe mweupe mabegani, marinda mekundu yenye utepe mweupe chini. Watu wakapiga kelele. Lo! Walipendeza, nitasema ukweli, moyo wangu uliruka wenyewe. Nikamgeukia mama nimpongeze. Mama alikuwa anatazama upande mwingine, mdomo wazi.

Wa mlango wa nyuma walikuwa wanaingia kutoka mashambani. Mashati mekundu ya satini, utepe mweupe mabegani.

Kwa muda hakuna aliyeelewa. Ngoma zilikuwa zimeshapigwa, na ngoma ikishapigwa mchezaji hasimami kuuliza. Watu wa Migato waliochelewa kufika walidhani ni kundi moja limegawanyika kwa maringo. Watazamaji wakakimbilia huku, wakaona wekundu kule, wakakimbilia kule. Vumbi likapanda, likaficha nusu ya uwanja. Mchezaji mmoja wa mlango wa mbele alitoka kunywa maji, akarudi, akacheza kwa nguvu zake zote, akashangiliwa mno, halafu akagundua anamchezea adui. Kina mama waliokuja na khanga za kuwatunza ndugu zao waliwavalisha watu wasiowajua. Ilipofika saa ya kuamua nani kavuta watu, umati ulikuwa umejaa katikati ya uwanja, umetuzunguka mimi na mama na kigoda, kwa sababu hapo ndipo ulipokutana ukikimbia huku na huku. Kwa sheria ya ngoma zetu, mshindi alikuwa mama.

Ngoma zikanyamaza, moja baada ya nyingine. Manju wawili walitazamana, kila mmoja akatazama shati lake, kisha wote wawili wakamtazama mama yangu.

Mama alibeba kigoda chake mwenyewe njia nzima ya kurudi. Nyumbani alishusha sufuria yake kubwa ukutani, akaiosha, akaifunga kwenye kitenge. Mimi nilikwenda kuwasha kompyuta, hasira zimenifika hapa, nitafute mahali pa kuipiga. Nikaikuta imetunza kila kitu vizuri sana. Oda ya ngoma, satini nyekundu, utepe mweupe. Oda ya ngoma, satini nyekundu, utepe mweupe. Wateja wote ni sawa. Ilikuwa imeuliza, kwa Kiingereza kizuri chenye adabu, kama iziunganishe, na ilijibiwa Enta. Mafundi wa kila upande wa pazia walishona nyekundu wakidhani ni ya watu wao.

"Ilipiga mlio," mama akasema mlangoni. "Pii. Nikadhani inaitikia."

Asubuhi iliyofuata walikuja. Manju wa mbele alipita mbele na wazee wake, manju wa nyuma akapita nyuma na wa kwake, wakakutana kwenye pazia. Wote walikuwa bado na mashati mekundu. Nadhani hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuvua. Mkataji wa Mkula alichungulia, akaona karakana imejaa watu wa shetani, akatoka nje kuomba. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, kitenge chenye sufuria miguuni, amejifunga khanga mbili kama msafiri.

"Mwangaluka, mayu," wakamwamkia mama kwa Kisukuma, kila upande kivyake. Kwetu hata ukija kumchinja mtu utamwamkia kwanza. Akaitikia kila mmoja. Walipomaliza kuulizana habari za nyumbani, manju wa mbele akaanza. Alikuwa mzee, alicheza pamoja na baba.

"Mayu, tumeumia. Angefanya mtu mwingine tusingejali. Lakini wewe! Wewe ni wetu. Umewapaje hawa rangi yetu?"

Mama akafungua mdomo. Manju wa nyuma akamwahi.

"Wenu? Nani wenu? Huyu ni wetu!"

"Amekuwa wenu lini? Mume wake si alikuwa wetu?"

"Mume ni mume. Yeye mwenyewe alikataa kuingia kwenu, mbele ya watu, siku ya kuolewa. Hamkujiuliza kwa nini? Sisi tulijua. Tangu hapo tunajua. Anatupitisha mlango wa nyuma, penye jiko lake. Mgeni anapita jikoni? Anayepita jikoni ni mtu wa nyumbani!"

"Mlango wa nyuma ni wa kujificha," mzee wa mbele akasema. "Sisi tunapita mbele, mchana, kwa kuwa ni kwetu. Miaka yote hii nawaambia vijana wangu, huyu mama anawashonea wale wengine kwa kutafuta riziki tu, lakini damu yake iko hapa. Kila msimu anatusaidia kwa siri. Anatuambia tuache rangi fulani, tuchukue kijani. Unafikiri anatuambia bure?"

"Na sisi anatuambia kijani!"

"Anawaambia ninyi kijani?"

"Kila mwaka karibu!"

Wakamgeukia mama wote, mashati mekundu huku, mashati mekundu kule, na nyuso zao, naapa, hazikuwa za watu waliokuja kufunga karakana. Zilikuwa nyuso za watoto wa mke mkubwa na mke mdogo wanaomuuliza bibi anampenda nani.

Mama alikuwa amejiandaa kwa kila tusi. Alishaniambia usiku kucha atakachojibu wakimwita wa upande mwingine. Hili hakuwa amejiandaa nalo. Akainama, akajifunika uso kwa ncha ya khanga, mabega yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka alipofunua uso nikaona ni vyote viwili. Nami nikalia. Nililia kwa hasira pia, maana mimi ndiye niliyemwona akimeza maneno na chai ya moto miaka yote ili asionekane ana watu. Kumbe watu alikuwa nao.

"Jamani," akasema, "mimi nilidhani sina kwenu."

Mzee wa mlango wa mbele akakasirika upya. "Huna kwetu? Mayu, usituvunjie heshima."

Hawakupatana, msije mkadhani. Kwenye suala la nani mwenye mama hawajapatana mpaka leo. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba ngoma ile haikuwa ngoma na irudiwe baada ya wiki chache, na nguo zibadilishwe utepe. Kila manju alinong'ona rangi ya utepe mpya sikioni mwa mama, mmoja mlango wa mbele, mwingine jikoni. Kabla ya kunong'ona kila mmoja alionyesha kompyuta kwa kidevu na kusema, "Zima kwanza."

Mama akazima. Sufuria ikarudi ukutani.

Baada ya hapo niliwaza tuitupe ile programu, oda tuziandike kwenye daftari. Mama akakataa. Akasema kichwa chake bado kinavuja, na ile mashine haikuwa na ubaya wowote, ila imefundishwa vibaya. Haikuambiwa kwamba watu wawili wanaofanana sana wanaweza kuwa hawataki kabisa kuwekwa pamoja. Akaniuliza kama naweza kuifanya iwe mbili.

"Mbili vipi?"

"Moja ya mbele, moja ya nyuma. Zikae humo humo ndani, lakini zisijuane."

Nilikwenda posta nikampigia simu yule kijana wa tai. Aliniuliza mara mbili kama kweli nimesema kutenganisha. Kisha akasema tangu aanze kuuza programu watu wote wanamwomba aunganishe, hakuna aliyewahi kumwomba atenganishe, lakini inawezekana. Akanielekeza. Kuhusu rangi kugongana, mama alisema hilo tumwachie yeye. Atazisoma zote mbili, pole pole, na Enta habonyezi mpaka nimsomee Kiswahili chake mlio ukilia. Mimi nikamkumbusha kwamba mimi ni mtoto wa baba yangu. Akanisogezea kiti.

"Na wa kwangu pia," akasema. "Kaa hapo."

Basi nikakaa. Siku mpunga ulipopatikana na jenereta ikanguruma, nikaiweka programu mara ya kwanza, halafu mara ya pili. Mama alikuwa nyuma yangu, mkono begani mwangu, anatazama. Kabla ya kufunguka programu ilikuwa inauliza jina la mwenye mali. Nikamtafsiria.

"Inataka kujua wewe ni nani."

"Na utaniandika kwenye ipi?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nikaandika jina lake kwenye ya mbele. Nikafungua ya nyuma, nikaliandika tena.